Kiatu Kilichofungiwa Ukutani

Hita ndiyo iliyomrudisha Doreen.

Lipu mbichi haipatani na baridi. Ukiipiga mchana halafu usiku ikaganda, asubuhi unaikuta inamomonyoka kama mkate mkavu, na kazi ya siku nzima imepotea bure. Kwa hiyo kila jioni ya Desemba ile, mafundi wenzake wakishaondoka, Doreen Vukovich alipanda tena ngazi za jengo la Hoffstetter kuhakikisha hita ya mafuta ya taa haijazimika. Dakika tano tu. Kupanda, kutazama, kushuka.

Siku hiyo ilikuwa saa kumi na moja jioni na giza lilikuwa limeshaingia. Theluji ilidondoka taratibu juu ya Mtaa wa Front, na nyuma ya majengo mto Ohio ulipita kimya. Jengo lenyewe lilikuwa la matofali mekundu, ghorofa tatu juu ya maduka, limejengwa zamani na tajiri mmoja wa kofia za wanawake. Baadaye ghorofa zake zilikaa tupu miaka arobaini, wapangaji wakawa njiwa. Sasa lilikuwa linageuzwa. Juu zilikuwa zinatengenezwa lofti, zile fleti za dari refu na madirisha makubwa ambazo vijana wa mji wa Tilden walikuwa wanazigombania hata kabla rangi haijakauka. Chini, usawa wa barabara, yalibaki maduka.

Duka la kona lilikuwa limechukuliwa na Kendra, binti pekee wa Doreen, aliyetaka kuuza mikate. Fleti iliyo juu tu ya duka hilo, ghorofa ya kwanza, ndiyo Kendra na mumewe Trent walikuwa wahamie. Kendra alikuwa na mimba ya miezi saba na alitaka mtoto azaliwe akute nyumba iko tayari.

Ndiyo maana Doreen, fundi lipu kwa miaka thelathini, mjane ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea, aliikubali kazi hii. Kuta za mwanawe asingeziacha mikononi mwa mtu mwingine.

Hita ilikuwa inawaka vizuri. Doreen aligeuka ashuke.

Ndipo aliposikia harufu.

Matope...

Si matope ya ujenzi, hayo aliyazoea. Haya yalikuwa ya mtoni, yale ya chini kabisa, yenye majani yaliyooza na maji yaliyokaa bila kuona jua.

Alimulika tochi. Ukuta wa mwisho, karibu na dirisha linalotazama mto, ulikuwa bado na lipu ya kale, ile waliyokuwa wakiichanganya na nywele za farasi. Mchana ule ule alikuwa ameugonga kwa kidole kuupima, ukalia kavu. Sasa katikati yake palikuwa na doa jeusi la unyevu, kubwa kama sinia.

Aliligusa.

Lilikuwa na joto.

Kabla hajauondoa mkono, kipande cha lipu kilianguka chenyewe na kupasuka miguuni pake. Nyuma yake zilionekana fito za mbao. Fito mbili zilikuwa zimewahi kukatwa na kurudishiwa kwa misumari isiyofanana na mingine, na nyuma ya fito hizo palikuwa na kitu cheusi. Mtu mwingine angeondoka. Lakini Doreen alikuwa fundi, na fundi akiona kazi iliyofichwa hawezi kuiacha hivi hivi. Alipenyeza ncha ya mwiko, akabandua, akaingiza mkono.

Kilikuwa kiatu cha mwanamke, cha mguu wa kushoto. Chembamba, kirefu hadi juu ya kifundo, chenye safu ya vifungo vidogo ubavuni. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, kama vile mguu bado umo. Ngozi yake ilikuwa laini. Haikuwa ngozi ya kitu kilichokaa ukutani maisha yote hayo.

Nyuma yake hita ilitoa sauti ndogo. Pu... Ikazima.

"Haya," Doreen alisema, bila kujua anamwambia nani. Aliiwasha tena, akashuka na kiatu kwapani.

Chini alimkuta Kendra anapaka rangi rafu za duka, tumbo limetangulia mbele.

"Mama, hiyo nini?"

"Kimetoka kwenye ukuta wako."

Kendra alifuta mikono, akakipokea kama anayepokea kifaranga. "Mbona kizuri hivi. Kinakaa dirishani hiki. Watu watasimama kutazama kiatu, wataingia kununua mkate."

"Kinanuka, Kendra."

"Kila kitu humu kinanuka, mama. Hata wewe unanuka chokaa."

Doreen alicheka, akamwachia.

Kesho yake jioni walikuwa wote wawili dukani. Kiatu kilikuwa dirishani juu ya kitambaa cheupe. Kendra alikuwa anajaribu oveni mpya, na duka lote lilinukia unga ulioiva. Wakasikia mtu anatembea juu yao.

Ko... fyuu.

Ko... fyuu.

Hatua moja ya kisigino, hatua moja laini ya kuburuta.

"Huyu Lyle naye haendi kwake," Kendra alisema. Lyle Prather ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi. "Atazipima hizo sakafu mara ngapi?"

Ko... fyuu. Ko... fyuu.

Mlango wa barabarani ukafunguliwa. Lyle aliingia, mabega yamejaa theluji, kikombe cha kahawa mkononi.

"Bi mkubwa, mbona bado mpo? Mimi nimeshafunga ngazi kwa kufuli, nilikuwa napita tu kusema kwaheri."

Walikuwa wanatazama dari. Lyle naye akatazama.

Hatua zilikuja mpaka usawa wa pale alipokaa Kendra.

Zikasimama.

Lyle alichukua nyundo, akapanda. Walimsikia akifungua kufuli, akizunguka huku na huku kwa mabuti yake mazito. Aliporudi, ile kahawa alikuwa ameiacha huko huko juu.

"Hakuna mtu," alisema. "Ila kuna maji. Yametoka ukutani yakaenda dirishani. Alama za miguu. Wa kulia una kiatu, wa kushoto hauna." Alijaribu kutabasamu. "Panya wa Tilden siku hizi wanavaa visigino." Mzaha ule haukumkaa mdomoni. Aliaga haraka, na tangu jioni hiyo hakukaa tena kwenye jengo baada ya saa kumi.

Wiki ile ndipo Kendra alipoanza kuchechemea.

"Ni mimba tu, mama. Daktari amesema miguu huvimba."

"Mguu mmoja?"

"Miguu huvimba, mama."

Halafu viatu vyake vikaanza kupotea. Vya kushoto tu. Buti la theluji, raba, hata ndara za kuogea. Alivitafuta huku akijicheka kwamba mimba imemtoa akili. Siku ya Alhamisi Trent alimpigia simu Doreen, sauti yake chini kama anayejificha.

"Mama, Kendra amerudi nyumbani na kiatu kimoja. Ametembea hivyo kutoka dukani mpaka kwenye gari, kwenye theluji. Mguu umekuwa wa buluu. Nimemuuliza, ananiambia hakujua."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema kuna mtu atarudi kumchukua. Nilipomuuliza nani, akaniuliza, nani nini?"

Doreen hakulala usiku huo. Ijumaa mchana, Kendra akiwa ameinama nyuma ya oveni, alikichomoa kile kiatu dirishani, akakificha ndani ya koti, akaenda duka la pili.

Duka la pili lilikuwa la Emil Zoller, fundi viatu, mzee wa karibu miaka themanini. Alikuwepo pale tangu jengo lilipokuwa la njiwa, na wenye jengo waliona ni vyema abaki, kwa kuwa wapangaji wa lofti hupenda kuwa na fundi wao mtaani. Alikuwa anapiga gundi alipoingia Doreen. Aliona kilichotoka kwenye koti, akaiweka brashi chini pole pole.

"Nilijua kimo humu ndani," alisema. "Sikujua ni ukuta gani."

"Unakijua, mzee Emil?"

Mzee alivaa miwani, lakini hakukigusa. "Kigeuze. Itazame soli. Unaonaje?"

"Mpya."

"Mpya kabisa. Kimekanyaga barabara labda wiki moja. Sasa fungua vifungo, tia kidole ndani."

Doreen alifungua. Ndani palikuwa na unyevu na joto kidogo, kama kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Kidole chake kilizama. Soli ya ndani ilikuwa imelika hadi kubaki nyembamba kama karatasi, na pale mbele palikuwa na vishimo vitano vya vidole.

"Viatu huliwa kwa nje, Doreen. Barabara ndiyo inayokula soli. Nimefanya kazi hii miaka sitini, sijaona kilicholiwa ndani na nje kizima." Alivua miwani. "Kimekaa ukutani zaidi ya miaka mia, na mguu ulikuwa unaendelea kutembea."

Nje, mwanga wa mchana ulikuwa umeanza kupungua. Mzee alitazama dirisha, akaanza kusema haraka zaidi.

"Bibi yangu alishona kofia hapo juu. Yalipokuja mafuriko ya mwaka 1913 wasichana walikuwa kazini. Maji yalipanda mpaka kingo za madirisha ya ghorofa ya kwanza, wakawa wanachukuliwa kwa mashua, wachache wachache, kupitia dirisha la mtoni. Jioni ilikuja mashua ya mwisho. Walibaki wawili, bibi na msichana mwingine. Bibi aliingia. Yule mwingine akakaa dirishani, mguu mmoja nje, bibi amemshika. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Wakamwambia, subiri, tutarudi kukuchukua. Mashua ikasukumwa, bibi akabaki na kiatu mkononi."

"Walirudi?"

"Maji yalikuwa na kasi. Walirudi asubuhi. Hakukuwa na mtu." Zoller alikunja miwani. "Bibi alituambia maisha yake yote kwamba mkono uliteleza. Alipokaribia kufa akaniita peke yangu, akasema haukuteleza."

"Huyo msichana aliitwa nani?"

"Bibi hakuwahi kulitamka jina lake. Alisema tu kwamba mwezi mzima baada ya maji kushuka, kila jioni mtu alikuja kutembea juu ya paa la nyumba yao. Mguu mmoja una kiatu. Bibi akaenda milimani kwa mama mmoja, mmoja wa wale wazee wanaoondoa moto kwenye jeraha kwa kupuliza na kunong'ona. Akaambiwa kirudishe kilikotoka, kifungie ukutani. Na akaambiwa neno moja jingine, ambalo bibi alilirudia mpaka tukalichoka. Usimwahidi kitu. Huyo alikufa akingoja ahadi. Ukimpa nyingine, hataiachia."

Doreen alikuwa anatazama vile vishimo vitano.

"Doreen," mzee alisema. "Binti yako yuko wapi saa hizi?"

Alikitia kiatu kotini, akatoka mbio. Duka la mikate lilikuwa wazi, taa zinawaka, mikate inaungua kwenye oveni. Kendra hakuwepo. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa sakafuni, katikati ya duka.

Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, kufuli limening'inia.

Alipanda. Juu palikuwa giza, na baridi ilimpiga usoni. Dirisha la mtoni lilikuwa limefunguliwa lote na theluji ilikuwa inaingia ndani. Kendra alikuwa amekaa juu ya kingo, mguu wa kulia ndani, wa kushoto nje, mtupu. Mkono wake ameunyoosha mbele gizani, kama aliyeshikwa na mtu.

Doreen hakupiga kelele. Aliogopa kumshtua. Alisogea hatua kwa hatua, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kusikia... maji. Yalikuwa yanapigapiga ukuta, karibu sana, chini kidogo tu ya dirisha. Alichungulia. Taa za mtaani zilikuwa zinawaka chini kule, lakini mwanga wake ulikuwa unachezacheza.

"Kendra."

"Nafasi ni moja tu, mama," Kendra alinong'ona. Macho yake yalikuwa wazi na yametulia. "Wanasema nitoe na mguu wa pili."

Doreen alimshika kwapani kwa mikono yote miwili, akavuta.

Hakusogea.

Upande wa pili kulikuwa na mtu anavuta pia.

Ndipo sauti ikaja. Haikutoka nje. Ilitoka nyuma yake, kwenye lile tundu la ukuta alilolifungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Walisema watarudi."

Hakugeuka.

"Kiatu chako nimekuletea," alisema. "Kimo ndani ya koti langu. Chukua."

"Sikutaka kiatu."

Kendra aliteleza kidogo, upana wa kidole. Kisha tena.

"Unataka nini?"

Maji... Kisha, karibu zaidi, karibu kabisa na sikio lake, na ile harufu ya matope ikamjaa puani:

"Mtu. Jioni."

Doreen alikuwa amemsikia mzee Emil vizuri. Hata baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba alisahau. Lakini mikono yake ilikuwa imemzunguka mwanawe, na kwenye kifundo cha mkono wake, kupitia nguo, alimsikia mjukuu wake akipiga teke.

"Mwache huyu," alisema. "Nitakaa mimi na wewe."

"Lini?"

"Kila jioni."

"Ahadi?"

Alimkaza mwanawe kifuani.

"Ahadi."

Uzito ulikatika ghafla. Wote wawili walianguka chali sakafuni, na nje kukasikika mvumo mrefu wa maji yakishuka, yakishuka, mpaka yakaisha. Chini gari lilipita mtaani, likapiga honi, kama jioni nyingine yoyote.

Alimteremsha Kendra hadi dukani kwa Zoller, wakamfunga blanketi na kumpa chai ya moto. Kisha Doreen akapanda tena, peke yake. Alikirudisha kiatu kilipokuwa, akapigilia fito, akakoroga lipu. Ilikuwa lipu iliyonyooka kuliko zote alizowahi kupiga. Na wakati wote ule alijua kwamba hafungi chochote. Kilichofungwa ni yeye.

Kendra hakukumbuka kitu. Alidhani alizirai kwa harufu ya rangi.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kike, mzima, mwenye sauti. Duka la mikate lilifunguliwa mwezi uliofuata, na watu walipanga foleni hadi kwa fundi viatu. Lofti zote zilijaa. Ila ile ya ghorofa ya kwanza haikukaliwa na Kendra. Doreen alimwambia vumbi la jengo kongwe si zuri kwa kifua cha kichanga, akampa nyumba yake ya mlimani, yenye bustani na bembea, akahamia yeye pale juu.

"Wewe uliyekuwa unasema lofti ni ghala lenye choo," Kendra alimtania.

"Nimezeeka. Nataka kukaa karibu na mikate."

Kila jioni, kabla jua halijazama, Doreen alikuwa ndani. Alikaa kwenye kiti akiutazama ukuta wa mwisho. Hakukuwa na sauti tena. Harufu tu ilikuja, ikakaa naye mpaka giza likakolea, ikaondoka. Ilifika mahali akaanza kujiuliza kama kweli analazimika, au anajitisha mwenyewe.

Jibu alilipata Aprili. Dada yake alikuwa amelazwa Pittsburgh, naye akaenda kumwona, akahesabu saa zake vizuri. Wakati wa kurudi, lori lilipinduka kwenye daraja la kuingilia Tilden. Magari yakasimama. Doreen alikaa nyuma ya usukani akilitazama jua likishuka nyuma ya vilima, jekundu, bila haraka. Likagusa. Likazama.

Simu ikalia. Trent.

"Mama, samahani, hatujui tufanye nini. Mtoto analia hanyamazi. Mguu wake wa kushoto umekuwa baridi kama barafu. Soksi imelowa chapachapa, na hajatoka kitandani. Inanuka..."

"Matope," Doreen alisema.

"Umejuaje?"

Aliliacha gari pale darajani, mlango wazi, funguo ndani, akakimbia kwa magoti yale yale mabovu hadi Mtaa wa Front. Alipofungua mlango wa fleti alipiga magoti kwenye sakafu.

"Nimekuja," alisema akihema. "Nimekuja. Sikukusahau."

Baada ya dakika chache simu ililia tena, Trent akasema mtoto amelala na mguu umepata joto.

Mzee Emil alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Hakumlaumu. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga duka lake, alikuwa akigonga bomba la maji mara mbili kwa nyundo, Doreen ajue kuna mtu anayejua. Alifanya hivyo mpaka Agosti, alipofariki usingizini. Duka lake likawa la mishumaa.

Oktoba Trent akapata kazi nzuri Columbus. Kendra alipata mtu wa kununua duka la mikate, akafungasha kila kitu, akamtengea mama yake chumba. Alipopewa jibu alidhani hakusikia vizuri.

"Huji?"

"Siji, mwanangu."

"Hata wikendi?"

"Mchana nitakuja. Nitarudi mapema."

"Ni saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi, mama. Utakaa na mjukuu wako saa moja, halafu ugeuke?" Kendra alikuwa amembeba mtoto begani, akimpapasa mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nieleze tu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi unachagua matofali kuliko sisi."

Doreen alitaka kumwambia. Lakini alimwona Kendra amesimama vile, miguu yote miwili ndani ya viatu, amesahau kila kitu, na akajua kwamba akimwambia, Kendra hataondoka Tilden. Atakuja kukaa naye. Atasema tupokezane.

"Napenda yale madirisha," alisema.

Waliondoka Jumamosi mchana. Kendra alimkumbatia bila kumtazama usoni. Mtoto alicheka na kumvuta nywele. Gari lilikata kona kwenye duka la mishumaa, likapotea.

Doreen alibaki barabarani kidogo. Kisha akaitazama mbingu, akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti chake. Mwanga ulififia juu ya ukuta. Harufu ikaja. Safari hii alikuwa na uchungu kiasi kwamba hofu haikupata pa kukaa, akauliza jambo ambalo kwa miezi yote ile alikuwa halithubutu.

"Na mimi nikifa, je?"

Chini, mtu alicheka kwenye duka la mikate lenye mwenyewe mpya.

Kisha, kutoka nyuma ya lipu aliyoipiga kwa mkono wake, kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu aliyezoea kungoja:

"Mjukuu wako anaitwa nani?"

Doreen hakujibu. Alikaa na meno yameumana mpaka giza likakolea na harufu ikaondoka.

Kesho yake jioni aliulizwa tena. Na kesho kutwa.

Siku hizi Kendra akipiga simu, Doreen hushuka barabarani kuipokea, hata kama kuna theluji. Huongea akiwa ameligeuzia jengo mgongo, na hata huko humwita mtoto "mtoto" tu. Kendra amemuuliza mara kadhaa kama amelisahau jina la mjukuu wake mwenyewe. Yeye husema uzee. Kisha hutazama saa, huaga, na kupanda ngazi kwenda kuulizwa.